Bukoba Iko Mbali na Wapi?

Katika mwezi wa Ramadhani, redio zinaporusha adhana ya magharibi kwa saa za Dar es Salaam na maeneo ya jirani, watu wa Bukoba huisikia kisha huendelea kusubiri. Tende ziko mezani, uji umeshamiminwa, lakini jua bado limekaa juu ya vilima vya magharibi mwa mji. Litazama baada ya nusu saa hivi, ikizidi au kupungua dakika chache kufuata msimu. Saa za ukutani za miji hii miwili husoma namba ileile kwa sababu nchi nzima inatumia saa za Afrika Mashariki. Jua linafuata mzunguko wa dunia peke yake.

Hiyo nusu saa ndiyo kipimo cha kale kuliko vyote cha umbali kati ya Bukoba na pwani. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi moja kwa kila dakika 4. Kiwanja cha ndege cha Bukoba kipo nyuzi 31 na dakika 49 mashariki. Kile cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, kipo nyuzi 39 na dakika 12. Tofauti yake ni nyuzi 7.4 hivi. Zidisha kwa 4, unapata dakika 29 na nusu. Anayefuturu Bukoba anakula baada ya dunia kumaliza kuzunguka kipande hicho.

Umbali wenyewe kwa kilomita mtu yeyote aliyepita sekondari anaweza kuukokotoa kwa kalamu. Karibu na ikweta, nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo hukaribiana sana kwa urefu, takriban kilomita 111 kila moja. Bukoba ipo nyuzi 1 na dakika 20 kusini, Dar es Salaam nyuzi 6 na dakika 53. Kwa hiyo kutoka Bukoba unashuka kusini kilomita 616 hivi na unasogea mashariki kilomita 819 hivi. Chukua kanuni ya Pythagoras ya pembetatu mraba, tafuta kipeuo cha pili, na jibu ni takriban kilomita 1,025. Hesabu hii rahisi inakubali kwa sababu tuko kwenye kiuno cha dunia, ambako mviringo wake haupotoshi sana ramani bapa. Kwa safari ya Bukoba hadi London ingekudanganya.

Kilomita 1,025, basi. Ndege ya Bombardier Q400, ile ambayo watu waliipa jina la pangaboi ilipoanza kuletwa nchini mwaka 2016, husafiri angani kwa mwendo wa karibu kilomita 660 kwa saa ikishatulia juu. Ongeza muda wa kupanda, kushuka, kuzunguka kutafuta njia ya kutua na kutambaa ardhini, unafika kwenye saa mbili kasoro dakika chache. ATR za mapanga nazo, zenye mwendo wa kilomita 500 na kidogo, huchukua saa mbili na robo au zaidi kidogo. Mtu aliyeko Dar es Salaam akiuliza Bukoba ni mbali kiasi gani, jibu la haraka ni hilo: saa mbili.

Lakini mkazi wa Muleba akisikia jibu hilo atataka kujua saa hizo mbili zilianza kuhesabiwa wapi.

Muleba mjini iko kilomita 70 hivi kusini mwa Bukoba. Kwa Hiace au mchomoko ni saa moja na nusu ukihesabu kungoja gari lijae. Kiwanjani unatakiwa kufika mapema, na mwenye busara hufika saa mbili kabla, kwa kuwa dirisha la kupokea abiria hufungwa muda mrefu kabla ya ndege kuondoka. Angani saa mbili. Dar es Salaam unasubiri mzigo, kisha unaingia Barabara ya Nyerere. Kama unakwenda Tegeta au Mbezi na ni jioni, hiyo safari ya mwisho inaweza kula saa nyingine mbili. Jumlisha: saa nane hivi. Kati ya hizo, ndege imekubeba saa mbili tu. Robo tatu ya safari ya ndege hufanyika chini.

Na hapo hatujahesabu Mwanza.

Ndege nyingi kati ya Bukoba na Dar es Salaam zimekuwa zikigusa Mwanza, kushusha na kupakia. Msafiri hudhani anazungushwa. Nilidhani hivyo mimi pia mpaka nilipopiga hesabu. Bukoba hadi Mwanza kwa hewa ni kilomita 175. Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilomita 851. Jumla yake ni 1,026. Ukilinganisha na mstari ulionyooka, kupitia Mwanza kunaongeza kilomita moja au mbili, umbali wa kutoka sokoni Bukoba hadi ziwani. Mwanza karibu imekaa juu ya mstari wenyewe. Lakini kwa saa, kituo hicho kinaongeza kama saa nzima: kushuka, kutambaa, kufungua milango, kusafisha, kupakia mizigo, kusubiri ruhusa ya mnara, kupanda tena. Kilomita mbili kwa saa moja. Sijui mfano mwingine mzuri kuliko huu wa kuonyesha kwamba umbali na muda ni ndugu wanaoishi nyumba tofauti.

Mashirika yana sababu zake, na ni za haki. Abiria wa Bukoba peke yao si kila siku wanajaza viti 76 vya Q400. Kuwachanganya na wa Mwanza kunafanya safari ilipe. Mwezi wa Desemba, wakati Wahaya wa Dar es Salaam wote wanapotaka kuwa nyumbani, na senene wameanza kuanguka, ndege hujaa na kulalamika hakumsaidii mtu. Ila miezi ya katikati ya mwaka, hali ni nyingine.

Sasa ugeuze ramani, uweke Bukoba katikati, kisha upime kwenda kila upande. Entebbe ni kilomita 167, karibu kuliko Mwanza. Kigali ni kilomita 200. Goma, Kongo, kilomita 290. Bujumbura kilomita 355. Nairobi, ambayo ipo mashariki kabisa mwa Bukoba kwenye latitudo ileile kwa tofauti ya dakika moja tu ya nyuzi, ni kilomita 570. Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kilomita 690. Na Dodoma, makao makuu ya nchi yetu, kilomita 690 pia. Dar es Salaam ndiyo ya mwisho katika orodha hiyo, mbali kuliko miji yote niliyoitaja. Mtu wa Bukoba yuko mbali sawasawa na Bunge lake na Bunge la Juba.

Jambo hili si geni, limeandika historia ya mji. Emin Pasha aliondoka Bagamoyo na msafara wake Aprili 1890, akapita Tabora, na kituo cha Wajerumani cha Bukoba kikaanzishwa Novemba mwaka huohuo. Ilikuwa miezi sita na zaidi ya wapagazi, mvua, ugonjwa na kuwahonga watawala wa njiani. Kisha Waingereza wakafikisha reli yao ya Uganda pwani ya ziwa, Kisumu, mwaka 1901, na kuanzia hapo mji wa Mjerumani ukawa na mlango wa Mwingereza. Kahawa ya Buhaya ilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ikapanda treni hadi Mombasa. Njia hiyo ilikuwa fupi kwa muda kuliko kuteremka Dar es Salaam, ambako reli ya kati ilikuwa bado inajengwa na tawi lake la Mwanza halikufika ila mwaka 1928.

Adui naye alijua njia fupi. Juni 1915 wanajeshi wa Uingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka ziwa na kuiteka Bukoba kwa siku mbili, huku Dar es Salaam ikiendelea kuwa mikononi mwa Wajerumani hadi Septemba 1916. Oktoba 1978 ndege za kivita za Idi Amin zilitoka Uganda zikaishambulia Bukoba kwa mabomu. Kwa ndege ya jeti kilomita 167 za kutoka Entebbe ni safari ya robo saa. Vikosi vyetu vya kuikomboa Kagera vilihitaji wiki kadhaa kufika kwa reli, meli na barabara za tope za mvua za vuli, na daraja la Kyaka lilikuwa limekwishavunjwa. Wazee wa Kashai, Bukoba, wanaokumbuka siku zile hawahitaji kuelezwa na mtu yeyote maana ya kuwa karibu na jirani na mbali na mji mkuu.

Meli ya usiku kati ya Bukoba na Mwanza, ikigusa Kemondo, ndiyo iliyoiunganisha Kagera na nchi kwa miongo mingi. Unapanda usiku ukilala, unaamka umefika. Kilomita zilezile 175 ambazo ndege huzikata kwa chini ya saa moja. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu kufika Mwanza na mamia ya watu wakafa. Hakuna kijiji cha Muleba ambacho hakikuwa na msiba. Baada ya hapo wengi waliapa kutopanda meli tena, wakahamia barabarani, na waliokuwa na uwezo wakahamia angani. Nadhani hesabu ya saa na nauli haitoshi kueleza kwa nini mtu wa Kagera huchagua chombo fulani. Anachagua pia akikumbuka wafu wake.

Barabara nayo imebadilika sana. Kutoka Bukoba kupitia Biharamulo, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,400, yaani zaidi ya theluthi moja juu ya umbali wa ndege. Zamani basi lilikuwa linalala njiani kwa sababu ya marufuku ya kusafiri usiku. Tangu serikali ilipoliondoa katazo hilo mwaka 2023, mabasi yanakwenda mfululizo, na saa ishirini na kidogo zinatosha. Treni ya umeme inayotoka Dodoma hadi Dar es Salaam, iliyoanza Julai 2024, imeleta uwezekano mwingine: basi hadi Dodoma, kisha treni kwa saa tatu na nusu hivi. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko kwa anayekwenda kupanda ndege Mwanza kwa njia ya barabara. Kwa mkazi wa Muleba kusini hilo si jambo dogo. Mwanza ina ndege nyingi kwa siku, zikiwemo za jeti, na ndege ikiahirishwa kuna nyingine. Ndiyo maana wapo wanaokiacha kiwanja cha Bukoba kilicho kilomita 70 na kwenda kile kilicho mbali mara kadhaa.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha suala. Kwa nini mtu akimbie kiwanja cha karibu? Kwa sababu safari ya ndege inahesabiwa kwa uhakika wa kufika, na Bukoba uhakika huo unapungua. Sababu yake kubwa ni ziwa.

Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji. Upepo unavuma kutoka pande zote za ziwa kuelekea katikati, unakutana juu ya maji yenye joto, hewa inapanda na mawingu mazito ya radi yanajengeka. Pepo za kawaida za ukanda huu hutoka mashariki, kwa hiyo dhoruba hiyo husukumwa magharibi, na kandokando ya magharibi ndiko iliko Bukoba. Inafika alfajiri na asubuhi. Ndiyo sababu Bukoba inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha asubuhi. Kila mwanafunzi wa Bukoba aliyewahi kwenda shule akiwa amejifunika nailoni analijua hilo bila kusoma kitabu cha hali ya hewa. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujijenga juu ya vilima vya ndani.

Ndege inayoondoka Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo, inafika Bukoba mnamo saa mbili, saa ileile ambayo ziwa hulipa deni lake la usiku.

Novemba 6, 2022, Jumapili asubuhi, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki, 24 waliokolewa. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na jina la kijana mvuvi Majaliwa Jackson likajulikana nchi nzima. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile. Ila mtu anayejadili muda wa safari ya Bukoba bila kuitaja anaongea habari ya ramani, siyo ya safari.

Kuna usalama, na kuna kitu kingine ambacho ni mtoto wa usalama: subira. Rubani mwema akikuta wingu juu ya kiwanja anazunguka, akiona halitoki anakwenda Mwanza. Kanuni za anga zinamtaka awe na mafuta ya kutosha kwa kufika Mwanza na kubaki angani nusu saa zaidi. Yuko sahihi kabisa, na abiria anapaswa kumshukuru. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ndege ya namna hiyo, nakwenda kumzika shangazi yangu huko Kamachumu. Tuliliona ziwa, tukaona kisiwa cha Musira kwa sekunde chache katika upenyo wa mawingu, kisha tukapanda tena. Tulikaa Mwanza hadi saa nane mchana bila mtu wa kutuambia lolote. Nilipofika nyumbani watu walikuwa wananawa mikono. Kaka yangu alinipokea mlangoni akasema, "Pole, tumeshamsitiri." Kilomita zilikuwa zilezile 1,025, na kwangu mimi hazikutosha.

Sikuwa na ugomvi na rubani. Ugomvi wangu ni kwamba hali ileile ya mawingu isingeifukuza ndege Dar es Salaam. Kule kuna mfumo wa redio unaomwongoza rubani kwa mshazari ulionyooka hadi mwanzo wa lami, hata akiwa haoni chini mpaka dakika ya mwisho. Bukoba haina mfumo wa aina hiyo. Rubani anahitaji kuuona mji mapema zaidi. Na lami yenyewe ni ya takriban mita 1,500, ncha yake moja ikitazama maji. Kiwanja kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam, hivyo ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka na hutua kwa kasi kubwa zaidi ya ardhini. Lami ikiwa imelowa, mita zile 1,500 huwa chache zaidi.

Mita 1,500 zinaamua mambo mengi ya zile kilomita 1,025. Zinaamua ukubwa wa ndege, kwa kuwa Airbus A220 za jeti zinazotua Mwanza haziwezi kufanya kazi kwa kawaida kwenye lami fupi namna hiyo. Zinaamua uzito, yaani abiria wangapi na mizigo mingapi siku ya joto. Zinaamua hata nauli, kwa sababu ndege ndogo inagawa gharama zake kwa watu wachache.

Kwa miaka mingi jibu linalotolewa ni uwanja mpya mkubwa wa Omukajunguti, wilayani Missenyi. Wanasiasa wameuahidi, wananchi wa eneo lile wameishi na ardhi yao ikiwa na alama ya mradi. Mimi ni mtu wa Kagera na ningependa kuuona. Lakini tufanye hesabu ya muda kabla ya kupiga makofi. Jeti inayokwenda kilomita 830 kwa saa itatoka Dar es Salaam hadi Kagera kwa saa moja na dakika 35 hivi. Ukilinganisha na pangaboi, umeokoa dakika 20, labda 25. Omukajunguti ipo kaskazini, nje ya mji. Mtu wa Bukoba mjini ambaye leo anafika kiwanjani kwa bodaboda kwa dakika kumi atahitaji gari na muda mara kadhaa ya huo. Mtu wa Muleba atalazimika kuipita Bukoba na kuendelea mbele. Kwa wengi wetu, dakika zilizookolewa angani zitarudishwa ardhini na riba juu yake.

Kwa hiyo hoja ya kujenga Omukajunguti isisimame juu ya kasi. Kuna hoja nzuri zaidi: nafasi ya lami ndefu isiyoishia majini, uwezekano wa kufunga vyombo kamili vya kutulia, ndege kubwa na nauli nafuu, na mizigo. Samaki wa ziwani na vanila haviwezi kulala Mwanza vikisubiri wingu litoke. Hata hivyo, Chato, mkoa jirani wa Geita, kuna lami ya kilomita 3 tayari. Anayetaka kujenga nyingine kubwa saa chache kutoka pale anapaswa kuonyesha abiria watatoka wapi.

Na upande wa pili wa ramani unangoja pia. Mzazi wa Bukoba mwenye mtoto London anajua kilichopo. Bukoba hadi London, kwa mstari wa duara la dunia, ni kilomita 6,600. Ukipitia Dar es Salaam unaanza kwa kurudi kusini-mashariki kilomita 1,025, kisha unageuka na kuruka kilomita 7,500. Jumla zaidi ya 8,500. Umepita karibu kilomita 1,900 za ziada, na sehemu ya njia hiyo unarudi juu ya nchi uliyoondoka asubuhi. Kupitia Entebbe, unapanda basi Bukoba hadi Mutukula, Masaka na Kampala, kilomita 300 hivi, halafu kilomita 6,500 za hewa. Uganda Airlines ilianza safari ya moja kwa moja ya Entebbe hadi Gatwick Mei 2025. Kituo cha pamoja cha mpakani Mutukula, kilichofunguliwa na Marais Magufuli na Museveni Novemba 2017, kinapunguza foleni: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja. Anayekwenda Kigali kupitia Rusumo hata hurudishiwa saa moja, maana Rwanda inatumia saa za Afrika ya Kati; anavuka saa tano na kukuta ni saa nne.

Kinachobaki ni karatasi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda husafiri kati ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haikujiunga na mpango huo, kwa hiyo mtu wa Kyaka anayetaka kufika Masaka, ambako huenda bibi yake amezikwa, anahitaji pasipoti au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi. Mto Kagera hauhitaji hata dakika moja kuuvuka kwa gari. Hati ndiyo inayochukua siku.

Jambo dogo nalitaja kwa sababu limewapotezea watu safari: tiketi ya ndege huandika saa za kizungu. Ikisema 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri, siyo saa sita. Tiketi ikisema 13:00 ni saa saba mchana. Mnaowatumia wazazi tiketi kwa simu, andikeni chini yake kwa Kiswahili.

Hukumu yangu ni hii. Bukoba haihitaji kwanza ndege yenye kasi zaidi. Inahitaji ndege inayotua siku iliyoandikwa. Hiyo inataka vyombo vya kumwongoza rubani katika wingu, taa, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inayolisoma ziwa saa kwa saa, boti ya uokoaji iliyo tayari pale ufukweni badala ya kutegemea mitumbwi, na ratiba inayoheshimu tabia ya ziwa kwa kupeleka angalau safari moja mchana, moja kwa moja, bila kugusa Mwanza. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji kusubiri Omukajunguti. Vyote vinaweza kufanyika kwenye lami ileile ya mita 1,500.

Basi nawaomba wabunge wa Kagera jambo moja. Mkisimama tena bungeni kuuliza kuhusu kiwanja cha Bukoba, msianze na lini uwanja mpya utajengwa. Muulizeni Waziri wa Uchukuzi: mwaka uliopita ndege ngapi zilizopangiwa kutua Bukoba ziliishia Mwanza, kwa sababu gani, na abiria wake walifika nyumbani saa ngapi?